Farasi wa Mfalme na Derby ya Epsom: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikifika Juni maswali haya yanarudi yaleyale, kutoka kwa ndugu, kwa watu wa ofisini, hata kwa fundi aliyekuja kurekebisha bomba akakuta nimewasha tivii. Nimeyaweka pamoja. Yale ya mwanzo ni ya mtu ambaye hajawahi kuangalia hata mara moja, ukishuka chini yanazidi kuingia ndani. Kama jambo limeshaelezwa sehemu nyingine nimekuelekeza huko.

## Kwa anayeanza

Derby ni nini? Mi nilijua dabi ni Simba na Yanga.

Dabi ya Simba na Yanga ni yetu na ina heshima yake, ila hii ninayoongelea ni mbio za farasi na jina lake ni la mtu kabisa, Earl wa Derby, bwana mkubwa wa Uingereza. Mbio za kwanza zilikimbiwa tarehe 4 Mei 1780. Inasimuliwa kwamba Earl na rafiki yake Sir Charles Bunbury walirusha sarafu kuamua mbio zibebe jina la nani, Derby akapata jina, ila siku yenyewe farasi aliyeshinda, Diomed, alikuwa wa Bunbury. Kwahiyo mmoja kaondoka na jina mwingine kaondoka na ushindi.

Leo duniani ziko Derby nyingi, kuna ya Kentucky, ya Ireland, ya Japani, na Kenya tunayo pia (angalia kule chini), lakini zote zimeazima jina kwa hii ya Epsom.

Zinakimbiwa wapi na lini?

Epsom Downs, kwenye vilima vya Surrey, kusini kidogo mwa London. Siku hizi ni Jumamosi ya kwanza ya Juni. Zamani ilikuwa Jumatano na London nzima ilikuwa kama imefunga, hata bunge lilikuwa linaahirishwa watu waende Epsom, mpaka 1995 ndo ikahamishiwa Jumamosi. Wakati wa vita kuu zote mbili zilihamishiwa Newmarket, na mwaka 2020 zilikimbiwa Julai bila watazamaji sababu ya korona. Lakini kukosekana kabisa, tangu 1780, haijatokea.

Umbali gani, na kwa nini watu wanasema uwanja wa Epsom ni mgumu?

Ni maili moja na nusu na ka ziada, yaani kama mita 2,400. Inachukua dakika mbili na nusu hivi, rekodi ni ya Workforce mwaka 2010, dakika 2 sekunde 31.33.

Ugumu ni ardhi yenyewe. Viwanja vingi ni tambarare, Epsom ni kilima. Farasi wakiachiwa tu wanaanza kupanda mlima, kama mita 40 za kupanda, mapafu yanawaka mapema kabla hata mbio hazijakolea. Wakifika juu wanaanza kushuka kwa kasi huku wanakata kona ya kushoto, ile kona inaitwa Tattenham Corner, hapo ndo roho inakuwa mkononi manake farasi wa kilo kama 500 anashuka mteremko kwa shoti huku anageuka, na wengine kumi na kitu wamembana kulia kushoto. Wakitoka kwenye kona wanakuta njia imelala upande, imeinamia uzio wa ndani, kwahiyo farasi aliyechoka anaanza kuteleza kwenda kule bila kupenda. Alafu hatua za mwisho kabisa inapanda tena kidogo. Farasi mwenye mbio tupu hatoshi, anatakiwa awe na pumzi, balansi, na akili iliyotulia.

Farasi yeyote anaweza kuingia?

Hapana. Ni farasi wa miaka mitatu tu, madume na majike, waliohasiwa hawaruhusiwi sababu lengo ni kupata mzazi bora wa kizazi kijacho. Farasi wa mbio wa nusu ya kaskazini ya dunia wote wanahesabiwa wamezaliwa Januari mosi hata kama mtoto katoka tumboni mwezi wa nne. Majike wanapunguziwa uzito kidogo mgongoni, ila ni wachache sana wanaojaribu, jike wa mwisho kushinda ni Fifinella mwaka 1916.

Hii sheria ya miaka mitatu iweke kichwani vizuri. Ina maana kila farasi ana siku moja tu katika maisha yake. Akiamka na kikohozi, akikanyaga jiwe wiki hiyo, basi, hakuna mwakani. Ukishaelewa hili utaelewa kwa nini kuna watu wenye taji kichwani wameitafuta Derby maisha yao yote na hawakuipata.

## Wafalme na farasi wao

Farasi wa mfalme ni wa serikali au ni wake?

Ni wake binafsi. Hawa wa mbio usiwachanganye na wale wanaovuta magari ya dhahabu kwenye sherehe, wale ni kazi ya ikulu. Wa mbio wanazalishwa Sandringham, kijijini Norfolk, kwenye shamba la familia.

Wananunua au wanazalisha wenyewe?

Kikubwa wanazalisha. Ni kazi ya uvumilivu, unachagua jike, unatafuta dume wa kumpandisha, na sheria ya farasi wa aina hii (wanaitwa Thoroughbred) inakataza kabisa mimba ya sindano, lazima dume na jike wakutane ana kwa ana. Mimba miezi kumi na moja. Mtoto akizaliwa anasubiriwa mpaka afikishe mwaka na nusu hivi ndo aanze kuzoeshwa tandiko, miaka miwili anaanza kukimbia, mitatu ndo mwaka wa Derby. Yaani ukipanga ndoa ya farasi leo, jibu lako unalipata baada ya miaka minne, na mara nyingi jibu ni hapana.

Wengine wanakuja kama zawadi kutoka kwa marafiki wenye farasi wengi, utakutana nao chini.

Nitamtambuaje farasi wa mfalme uwanjani?

Angalia nguo za joki. Rangi za familia ya kifalme ni zambarau mwilini yenye nakshi za dhahabu kifuani, mikono myekundu, na kofia nyeusi ya mahameli yenye kishada cha dhahabu juu. Zimepita kwa Edward VII, kwa George V, kwa George VI, kwa Malkia Elizabeth, leo kwa Charles III. Ukiziona hata kwenye picha ya zamani isiyo na rangi utazijua kwa ile kofia.

Je mfalme mwenyewe anapanda?

Kwenye Derby hapana, hiyo ni kazi ya majoki wa kulipwa. Ila kwenye mbio za ridhaa familia imejaribu. Charles akiwa bado mwanamfalme alipanda mbio za kuruka viunzi na mwaka 1981 alianguka zaidi ya mara moja. Dada yake Anne ndo alikuwa mkali, mwaka 1987 alishinda mbio za Ascot akiwa juu ya Ten No Trumps.

Kazi yenyewe ya kila siku anafanya nani?

Mmiliki anatoa hela na farasi. Mwalimu wa farasi ndo anayepanga mazoezi na kuchagua mbio. Joki anampanda dakika mbili na nusu. Na kuna saisi, huyu ndo anayemjua farasi kuliko wote, anaamka saa kumi alfajiri kumlisha, kumsugua na kumkagua kwato.

Mimi hili nimeliona kwa macho Ngong, Nairobi, Jumapili moja nilisimama karibu kabisa na ule mduara wanapozungushwa kabla ya mbio. Kuna farasi mmoja wa kahawia alikuwa anatoka jasho mpaka povu jeupe kama la sabuni limejikusanya chini ya hatamu, anatupa kichwa, watu wameanza kurudi nyuma. Saisi wake, kijana mwembamba, hakumvuta wala hakupiga kelele, alimwekea kiganja puani tu akawa anamnong'oneza kitu, na yule mnyama akashusha kichwa mpaka kikagusa bega la kijana. Hakushinda siku ile, ila mimi tangu hapo nikiona picha ya mfalme ameshika kombe namtafuta kwanza saisi yuko wapi kwenye picha.

Kuna mfalme aliyewahi kushinda Derby?

Aliyeshinda akiwa tayari ameketi kwenye kiti cha enzi ni mmoja tu, Edward VII, mwaka 1909. Wakuu wengine wa familia walishinda kabla hawajawa wafalme au bila kuwa wafalme kabisa, kwa mfano aliyekuja kuwa George IV alishinda 1788 na farasi Sir Thomas.

Ila Edward ndo wa kumuongelea, ana Derby tatu. Ya kwanza 1896 akiwa bado mwanamfalme, farasi anaitwa Persimmon. Huyu Persimmon alikataa kupanda treni ya kwenda Epsom, wakamsukuma wakambembeleza, treni zikaanza kumuacha, mwisho mwalimu wake Richard Marsh akaahidi hela watu waliokuwepo stesheni wakamsukumia ndani karibu kumbeba. Alipofika akamshinda St Frusquin wa Leopold de Rothschild kwa shingo tu. Na mbio zile zilipigwa filamu na Robert Paul, zikaonyeshwa kwenye ukumbi London usiku uliofuata, mwaka 1896 huo, sinema yenyewe ndo kwanza inazaliwa.

Ya pili ni 1900, Diamond Jubilee, ndugu yake Persimmon wa baba mmoja mama mmoja. Yule alikuwa mshari, anauma, anarusha majoki chini. Mtu pekee aliyemvumilia alikuwa kijana wa bandani aitwaye Herbert Jones, kwahiyo wakaamua basi ampande yeye, na Jones akashinda naye mbio zote tatu kubwa za mwaka ule: 2000 Guineas, Derby na St Leger. Mwaka huohuo Ambush II wa huyohuyo mwanamfalme akachukua Grand National, mbio kubwa za kuruka viunzi.

Ya tatu 1909, Minoru, farasi wa kukodi, joki tena Herbert Jones, ushindi mwembamba wa chini ya kichwa kimoja. Umati ulivunja mipaka ukamzunguka mfalme ukiimba wimbo wa taifa. Mwaka uliofuata tarehe 6 Mei 1910 akiwa kitandani anakata roho, mchana wake farasi wake Witch of the Air alishinda kwenye uwanja wa Kempton, na mwanawe alimletea habari hiyo akaipokea akiwa bado anaelewa.

Yule mama aliyegongwa na farasi wa mfalme ni nani?

Emily Davison. Alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wanadai haki ya kupiga kura Uingereza. Tarehe 4 Juni 1913 aliingia uwanjani pale Tattenham Corner farasi wakiwa wanakuja, akamkabili Anmer, farasi wa George V. Kilichokuwa kichwani mwake hakijulikani mpaka leo, wengine wanasema alitaka kumfunga farasi kitambaa cha rangi za chama chake, na alikutwa na tiketi ya treni ya kurudi. Alifariki siku nne baadaye.

Joki aliyekuwa juu ya Anmer alikuwa Herbert Jones yuleyule wa hapo juu, akiwa amevaa zambarau ileile. Alianguka akapoteza fahamu ila akapona. Anmer mwenyewe aliinuka akamalizia mbio peke yake bila mtu mgongoni. Filamu yake ipo, mimi nimeiangalia na sitamani kuirudia.

## Malkia Elizabeth II

Ni kweli alirithi farasi akiwa Kenya?

Ndiyo. Baba yake George VI alifariki usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 yeye akiwa Treetops, kule Aberdare, Nyeri. Wote tunajua hadithi ya binti aliyepanda mtini akashuka malkia, ila pamoja na taji vilihama vitu vingine vingi, na kimoja ni farasi wa baba yake. Kati yao kulikuwa na dume mdogo wa miaka miwili, mwekundu, mkorofi, anaitwa Aureole.

Kwa nini kila mtu anaongelea 1953?

Kwa sababu ilikaribia mno. Alivishwa taji tarehe 2 Juni 1953, Derby ilikuwa tarehe 6, siku nne tu baadaye, na Aureole alikuwa ameshafika miaka mitatu. Inasimuliwa kwamba asubuhi ya kuvishwa taji alipoulizwa kama yuko sawa alijibu yuko sawa kabisa, mwalimu wa farasi amepiga simu Aureole amefanya mazoezi vizuri.

Upande wa pili kulikuwa na Gordon Richards, joki mkubwa kuliko wote wa zama zile, ambaye alikuwa ameshapanda Derby mara 27 hajashinda hata moja, na wiki hiyohiyo malkia ndo alikuwa ametangaza kumpa cheo cha Sir. Sasa fikiria. Richards akiwa juu ya Pinza akashinda, Aureole akawa wa pili, nyuma kwa urefu wa farasi wanne. Malkia akamuita Richards akampongeza. Mimi sioni Derby nyingine yenye watu wawili wanaostahili kiasi kile, na ilibidi mmoja akose.

Aureole mwaka uliofuata alishinda King George VI and Queen Elizabeth Stakes pale Ascot, mbio zenye jina la wazazi wa mmiliki wake.

Alikaribia tena?

2011. Carlton House, zawadi kutoka kwa Sheikh Mohammed wa Dubai, mwalimu Sir Michael Stoute, joki Ryan Moore. Alikuwa anapewa nafasi kuliko farasi wote na malkia alikuwa na miaka 85. Kwenye mbio akapoteza kiatu kimoja, akawa wa tatu, karibu urefu wa farasi mmoja tu nyuma ya mshindi. Aliyeshinda ni Pour Moi kutoka Ufaransa, alitokea nyuma kabisa, na joki wake Mickael Barzalona, kijana wa miaka 19, alisimama juu ya tandiko kushangilia kabla hata hajavuka mstari. Nilikasirika siku ile, nakiri, ila yule kijana alipanda vizuri mno.

Kwahiyo hakushinda kitu?

Alishinda sana! Uingereza ina mbio tano kubwa za farasi wa miaka mitatu na yeye alichukua nne. Oaks alichukua 1957 na Carrozza, 2000 Guineas 1958 na Pall Mall, 1000 Guineas 1974 na Highclere, alafu 1977, mwaka wa jubilei yake ya miaka 25, Dunfermline akachukua Oaks na St Leger pamoja. Kwenye ile St Leger alimfunga Alleged, farasi aliyekuja kushinda mbio kubwa ya Paris mara mbili na ambaye hakuwahi kufungwa na mwingine yeyote. Mara mbili, 1954 na 1957, alimaliza mwaka akiwa mmiliki anayeongoza nchi nzima.

Imebaki Derby tu.

Ile picha yake anashangilia kama mtoto ni ya wapi?

Royal Ascot, 20 Juni 2013, Gold Cup. Farasi ni Estimate, jike, alipewa zawadi na Aga Khan alipofikisha miaka 80. Gold Cup ilikuwa na historia ya miaka 207 na hakuna mfalme wala malkia aliyekuwa ameishinda akiwa madarakani. Kawaida kombe anatoa malkia, sasa kwa kuwa mshindi ni yeye ilibidi mwanawe Andrew amkabidhi. Itafute ile video, uangalie mikono yake hatua za mwisho, anapiga makofi midogomidogo ya haraka, kasahau kamera zote.

Nasikia huyohuyo Estimate alikutwa na dawa?

Mwaka uliofuata, 2014, alikuwa wa pili kwenye Gold Cup ileile, kipimo kikaonyesha mofini. Ilitokana na chakula kilichochafuliwa na mbegu za mpopi, na farasi wa walimu wengine waliokula chakula hichohicho walikutwa nayo pia. Hakuna aliyeonekana amefanya makusudi, lakini sheria ni sheria, akaondolewa kwenye matokeo.

Yule farasi aliyelala chini mwenyewe anakaribia kushinda?

Huyo ni Devon Loch, 1956, ila siyo Derby wala siyo wa malkia, ni Grand National kule Aintree na mmiliki ni mama yake malkia. Ameruka viunzi vyote, yuko peke yake mbele, amebakiza makumi ya mita, ghafla akaruka hewani hakuna kitu mbele yake akaanguka kifudifudi. E.S.B. akapita akashinda. Mpaka leo watu wanabishana, wapo wanaosema kelele za umati zilimshtua, wapo wanaosema msuli ulimkaza. Aliinuka mzima.

Derby yake ya mwisho ilikuwaje?

Juni 2022, wikiendi ya jubilei ya miaka 70. Farasi wake aliyetegemewa, Reach For The Moon, hakuweza kukimbia, na yeye mwenyewe kwa hali ya afya hakwenda Epsom. Majoki 40, waliostaafu na wanaoendelea, walivaa zambarau yake wakasimama mistari miwili. Mbio zile zilikimbiwa pia kwa kumbukumbu ya Lester Piggott, mshindi wa Derby mara tisa, aliyefariki wiki hiyohiyo, na ndo aliyempandia Carrozza 1957. Malkia alifariki tarehe 8 Septemba.

## Charles III

Charles anaendelea au ameuza?

Vyote viwili. Mwezi wa kumi 2022 baadhi ya farasi walipigwa mnada Newmarket, na watu wakaanza kusema basi imeisha. Haikuisha. Yeye na Camilla wanamiliki kwa pamoja, na Juni 2023 Desert Hero akawapa ushindi wao wa kwanza Royal Ascot kama mfalme na malkia, alafu Septemba akawa wa tatu kwenye St Leger. Camilla anaonekana kuupenda mchezo huu waziwazi, ukimwangalia siku ile ya Desert Hero machozi yalikuwa karibu.

## Sisi tunaingiaje hapa

Aga Khan wa farasi ndo huyuhuyu wa hospitali?

Ndiyo ndugu yangu, familia ileile. Sultan Mahomed Shah, Aga Khan wa tatu, alishinda Derby mara tano, na mara ya mwisho ni Tulyar, 1952. Ndo yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, na ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga jina lake linatokana na jubilei ile (siyo na yule farasi mshari wa 1900, nimeshaulizwa). Mjukuu wake Karim, Aga Khan wa nne, ambaye utoto wake mwingine aliupitisha Nairobi, naye akashinda mara tano: Shergar 1981, Shahrastani 1986, Kahyasi 1988, Sinndar 2000 na Harzand 2016. Alifariki Februari 2025.

Shergar ndo aliyeibiwa?

Ndo yeye. Alishinda kwa urefu wa farasi kumi, hakuna aliyewahi kushinda Derby kwa nafasi kubwa hivyo, joki Walter Swinburn alikuwa na miaka 19. Alipostaafu aligawanywa hisa 40 za pauni 250,000 kila moja, akapelekwa Ireland kuzalisha. Usiku wa Februari 8, 1983 watu wenye silaha wakaja bandani wakaondoka naye. Hakuonekana tena, hata mfupa. Watu wengi wanaamini ni IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland, na kwamba aliuawa mapema tu, ila hakuna aliyewahi kushtakiwa. Aliyelazimishwa kumpakia farasi kwenye gari ni mtunzaji wake mwenyewe, kwa mtutu wa bunduki, na hilo ndo linaloniuma zaidi.

Waarabu wa Ghuba nao vipi?

Wamechukua nyingi. Familia ya Maktoum ya Dubai, Prince Khalid Abdullah wa Saudia, orodha ni ndefu. Sheikh Mohammed aliitafuta miaka mingi kwa nguo za bluu za Godolphin, kampuni yake ya farasi, mpaka Masar akaipata 2018, alafu Adayar 2021. Na kwa asili wana haki, manake farasi wote wa aina hii duniani baba zao wanarudi kwa madume watatu tu waliotoka mashariki, mmoja wao Darley Arabian alinunuliwa Aleppo, Syria, mwaka 1704.

Kubeti je? Mimi ni Muislamu.

Epsom watu wanabeti, tena wazi. Lakini siyo sharti la kuangalia. Dubai World Cup, inayokimbiwa tangu 1996 na ni moja ya mbio zenye hela nyingi sana duniani, haina kubeti kabisa uwanjani, na watu wanajaa na familia zao. Mimi sibeti, naangalia farasi, na raha naipata yote.

Epsom kuna kiingilio?

Majukwaani ndiyo. Pale kilimani katikati watu wamekuwa wakiangalia bure toka enzi na enzi, wanakuja na mikeka na vyakula vyao.

Na huku kwetu naweza kuona wapi?

Ngong Racecourse, Nairobi, Jumapili za msimu. Kenya Derby inakimbiwa pale. Beryl Markham aliyekulia Njoro, yule aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege 1936, alikuwa mwalimu wa farasi Kenya na aliishinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Nenda mapema, simama kwenye mduara, siyo jukwaani.

## Swali la mwisho, la wanaofuatilia sana

Je, damu ya farasi wa malkia imewahi kushinda Derby?

Imeshinda, na siyo mara moja.

Mkumbuke Highclere wa 1974. Alizaa jike anaitwa Height of Fashion, malkia akamuuza 1982 kwa Sheikh Hamdan Al Maktoum. Bei ilikuwa nzuri na hela ikasaidia kununua mabanda ya West Ilsley. Height of Fashion akaenda akazaa Nashwan, na Nashwan akashinda Derby 1989 kwa rangi za Sheikh Hamdan. Mwalimu alikuwa Dick Hern, yuleyule aliyemfundisha Highclere kwa ajili ya malkia.

Alafu kuna mtoto mwingine wa Highclere, Burghclere. Huyu akamzaa Wind In Her Hair, ambaye alipelekwa Japani, na huko akamzaa Deep Impact, farasi mpendwa kuliko wote Japani, mshindi wa mbio zao tatu kubwa mwaka 2005. Deep Impact akawa baba wa Auguste Rodin, na Auguste Rodin akashinda Derby ya Epsom tarehe 3 Juni 2023, malkia akiwa hajatimiza hata mwaka kaburini. Joki alikuwa Ryan Moore.